Karibu ya Chumba Kitupu

Bakuli la urojo lilipungua kabla Riyama hajatia kijiko.

Kosa lake lilikuwa adabu tu. Kabla ya kula alisema "Karibu," kama alivyofunzwa na mamake, na pale ghorofani Mkunazini, chumbani mwake mwa kuchorea, hamna hata paka. Yeye tu, digrii yake ya sanaa, na picha ya maonyesho iliyogoma kumalizika. Mwezi mzima waliopanda ngazi ni watalii, "just looking," wanatazama tu, wakashuka. Wenzake wa chuo walituma laiki mtandaoni. Laiki haili nawe, wala haikujibu.

Kesho yake chumba kikanuka udi, na mkeka ukabonyea kana kwamba mtu kakaa.

"Karibu," akasema Riyama, sasa kwa kusudi. "Angalau wewe unakaa."

Siku ya tatu akamtupia brashi mkekani. "Mgeni siku mbili. Hilo jembe lako."

Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, picha ilikuwa imekwisha, rangi mbichi, sahihi yake chini. Pichani Riyama kaketi mkekani. Aliyesimama akichora kampa mgongo, kavaa kanga yake Riyama.

Alikwenda Jang'ombe kwa Bi Biasha, mganga.

"Shikamoo."

"Marahaba." Bi Biasha akamsikiliza yote, hadi habari ya brashi. "Nani kamwita?"

"Nlikuwa nnakula tu, bibi. Nkasema karibu."

"Na hiyo brashi, nayo ulikuwa unakula?" Bi Biasha akashusha sauti. "Mgeni hana neno. Ukishampa kazi yako, si mgeni tena. Kachukue brashi sasa hivi, kabla yeye hajamkaribisha mtu. Akikaribisha yeye, nyumba yake."

Riyama alikata mtaa wa Mlandege mbio, akipigana vikumbo na wanunuzi, akapanda ngazi huku udi ukimteremkia puani, akasikia juu vicheko, vicheko vya watu, wale wale aliowangoja mwezi mzima, wakiisifu picha, na sauti yake mwenyewe ikiwashukuru mmoja mmoja, na mlango ulikuwa umerudishwa, na mkono wake, mkono uliolelewa vyema, ukagonga kabla akili haijauzuia.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mgeni," sauti yake mwenyewe ikajibu kutoka ndani. "Vua viatu. Mkeka ule pale."

Akavua.