Upande wa Kushoto

Likizo ile, kila alfajiri msichana aliamka na shangazi yake, wakajaza maji ya kunywa, wakafuta viti vya boti na kusubiri wageni. Shangazi alikuwa nahodha, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu baharini kutazama nyangumi wauaji. Msichana alilinda upande wa kushoto. Binamu yake, mtoto wa shangazi, alilinda wa kulia. Kabla ya injini kuwashwa, kila mlinzi alitakiwa kuchungulia majini na kusema kama ni salama, kwa sababu chini kulikuwa na rafadha, panga za chuma zinazozunguka kwa nguvu.

Siku ya sita macho yalimwasha msichana kwa jua na chumvi. Kwa saa tatu nzima hawakuona kitu.

"Tumekuja kutazama maji?" mzee mmoja alinung'unika.

Hatimaye mapezi meusi yalichomoza. Shangazi alizima injini. Nyangumi watano walipita taratibu, mmoja akiwa na mtoto ubavuni. Wageni walipiga picha mpaka wanyama wakazama. Boti ikabaki ikiyumba, kimya. Msichana aliegemea ukingo.

"Kulia?" shangazi aliuliza.

"Salama, nahodha!"

"Kushoto?"

Msichana alishtuka. Shavu lake lilikuwa na alama ya ukingo. "Salama," alijibu.

Mkono wa shangazi ukaenda kwenye ufunguo. Msichana alimkumbuka mtoto wa nyangumi. Akisema kweli, huenda asipandishwe tena botini. Akinyamaza, je, yule mtoto?

"Shangazi, usiwashe!"

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Nilisinzia. Sikuangalia."

Wageni wote waligeuka.

"Kumbe ni wewe!" binamu alicheka. "Nilisikia mkoromo, nikadhani nyangumi."

"Funga mdomo, utazame upande wako," shangazi alisema.

Walingoja. Dakika moja, mbili. Kisha pumzi nzito ikapasuka nyuma ya boti, upande wa kushoto, na ukungu wa maji ukawalowesha. Mama nyangumi aliibuka, na mwanawe akiwa karibu kabisa na rafadha. Mzee mnung'unikaji alivua kofia yake. Wanyama wale hawakuwa na haraka. Walipokwenda mbali, ndipo injini ikawashwa.

Gatini msichana alisugua sakafu akiwa ameinamisha kichwa. "Kesho nibaki nyumbani?"

Shangazi aliketi kwa uzito, akavua viatu.

"Utakuja, lakini utapumzika mchana, na mimi ndiye niliyekosea kwa kutolipanga hilo mapema. Kuchoka si dhambi, mwanangu, Mungu ndiye aliyetuumba hivi. Ila usiniambie 'salama' kwa jambo usiloliangalia. Sema 'sijui'. Nikisikia 'sijui' nitangoja. Nikisikia uongo nitawasha injini."

"Nimeelewa, shangazi."

"Haya, leta hiyo brashi. Kakae."