Miguu Chini ya Geti

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mama Chiriku aliamka, akafagia uani, akachemsha chai, na kabla jua halijachachamaa alikuwa keshakaa sebuleni kwenye cherehani yake, miguu ikikanyaga, akimalizia sare za shule za wateja. Binti yake alikuwa hajatimiza miaka miwili. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi ile alikuwa chini ya meza ya cherehani, akiokota vipande vya vitambaa na kuvipa majina anayoyajua mwenyewe.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikunywa chai akiwa amesimama. Akavaa viatu, akabeba mfuko wake wa vifaa, akatoka. Kisha ikafuata sauti ambayo Mama Chiriku alikuwa keshaizoea: mnyororo ukiburuzwa kwenye chuma, kufuli likibana. Kach. Kwa nje.

Mwanzoni mwa ndoa aliwahi kuuliza. "Wezi," mumewe alijibu. Alipouliza tena, mume alicheka: "Wewe ukiwa na dhahabu, utaiacha barazani?" Akaona kapendwa. Yeye ni mshonaji. Alijua kuchukua kitambaa kibovu na kukigeuzageuza mpaka kimkae mtu. Uongo ule naye akaushona hivyo hivyo, ukamkaa.

Hata habari za mke wa kwanza alizipokea hivyo. Mume alimwambia kwamba mwanamke yule alitoroka na dereva wa lori, akaondoka na mtoto, basi. Nani atauliza zaidi? Ukuta wa nyumba ulikuwa mrefu, una vigae vya chupa juu, na geti lilikuwa la bati zito, halina hata tundu. Chini yake tu ndipo palipobaki uwazi wa kupitisha kiganja.

Asubuhi ile, alichogundua kwanza ni ukimya.

Mguu ulisita kwenye cherehani. Akainama kuchungulia chini ya meza. Chiriku alikuwa amejilaza juu ya vitambaa, macho nusu wazi, midomo imekauka. Alipomgusa, aliurudisha mkono wake haraka. Ilikuwa kama kagusa pasi.

Akambeba hadi kitandani chumbani, akamvua nguo. Akampa dawa ya maji ya kushusha homa. Mtoto akaitapika yote kifuani kwake. Akampa tena, akatapika tena. Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, akawa anamfuta kwapani, shingoni, mapajani. Kitambaa kilikuwa kikikauka mkononi. Mtoto aliyekuwa hanyamazi sasa alikuwa akitoa sauti moja tu nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta.

Akampigia mumewe.

"Baba Chiriku, mtoto anaungua. Njoo utufungulie nimpeleke zahanati."

"Homa za watoto hizo. Anaota meno."

"Meno gani? Hata dawa haikai tumboni. Njoo, nakuomba."

"Niko kwa mteja, jokofu nimelifungua lote. Mfute na maji. Nikirudi tutaona."

"Basi mtume mtu alete ufunguo."

Akajibu kwa sauti ya chini ambayo mkewe alikuwa bado hajawahi kuisikia: "Ufunguo wangu hashiki mtu."

Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Alikuwa amepigia simu jikoni, maana huko ndiko mtandao ulikuwa ukishika. Alirudi chumbani akifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akasimama mlangoni. Kitambaa alikuwa amekiacha ndani ya beseni, kinaelea. Sasa kilikuwa kwenye paji la uso la Chiriku. Kimekamuliwa vizuri. Kimekunjwa pande nne, ncha zikikutana.

Akajiambia amesahau. Mtu akichanganyikiwa mikono hufanya mambo kichwa hakina habari. Lakini yeye hakuwa na tabia ya kukunja kitambaa. Alikuwa akikiweka tu.

Jua lilikuwa limefika utosini. Nyumba nzima ilikuwa na mwanga, hata kona zake. Akakaa kitandani, akampakata mtoto. Chiriku akafungua macho. Akanyanyua kidole chake kidogo, akanyooshea nyuma ya bega la mama yake.

"Mama," akasema.

"Mama yuko hapa, mwanangu."

Mtoto hakumtazama. Aliendelea kutazama kule kule, nyuma ya bega, na kile kidole kikasogea taratibu, kama mtu anayemfuata mwingine anayetembea.

"Mama," akasema tena. Akatabasamu.

Mama Chiriku aligeuka. Ukuta. Kabati. Nguo msumarini. Lakini alisikia. Sakafuni, kutoka dirishani hadi mlangoni, nyayo zilikuwa zikienda na kurudi. Nyayo peku. Na katikati ya nyayo, sauti ambayo kila aliyewahi kubembeleza mtoto anaijua: kiganja kikipigapiga mgongo mdogo. Pa. Pa. Pa.

Ndipo mtoto alipokakamaa.

Macho yakageuka meupe. Meno yakabana. Mikono ikaanza kutetema, kisha miguu, kisha mwili wote. Degedege. Mama Chiriku alipiga ukelele, akamkumbatia, akatoka mbio peku hadi uani, akaanza kulipiga geti kwa mkono mmoja.

"Jamani! Nisaidieni! Mtoto anakufa!"

Ng'ambo ya njia alikaa mwanamke anayeuza mkaa, wote wakimwita Mama Mkaa. Huyo ndiye aliyekuja. Sauti yake ilisikika karibu, upande wa pili wa bati.

"Kuna nini, mama?"

"Mtoto ana degedege! Mume wangu katufungia kwa nje, kaondoka na ufunguo!"

Mama Mkaa akanong'ona, si kwa mtu, ni kama anajisemea:

"Ee Mungu. Tena?"

"Unasema nini?"

"Hamna. Namtuma mtu kwa fundi vyuma aje akate kufuli. Mlaze mtoto ubavu. Usimtie kitu mdomoni."

Akapiga magoti, akamlaza mtoto ubavu mapajani mwake. Mtetemo ulipungua, ukaisha. Mtoto akalegea kama kitambaa kilicholowa. Alikuwa anapumua, ila kwa mbali. Mama Chiriku akasimama naye, akapiga geti tena. Fundi hafiki. Akapiga. Kiganja kikawaka moto.

Na ndani ya nyumba, nyuma yake, mtoto akalia.

Akamtazama Chiriku mikononi. Mdomo umefumbwa.

Kilio kile kilitoka chumbani, kikapita sebuleni, kikaja uani. Kikawa kinakaribia. Kikafika hapo hapo alipo, kikakatika ghafla, kama kilivyokatika siku nyingine, zamani. Hewa ikajaa harufu ya jasho la mtu asiye yeye.

Kisha, kando ya mkono wake, geti likagongwa.

Hakuwa yeye. Mkono wake ulikuwa umeganda hewani. Bati lilikuwa likigongwa lenyewe pale kando, kwa viganja viwili, kwa nguvu za mtu aliyekwisha kukata tamaa lakini hajaacha. Aliona bati likibonyea. Likabonyea tena. Hakuna mtu. Kelele zilikuwa zikimwingia hadi kwenye mifupa.

Upande wa pili, Mama Mkaa alikuwa ameinama kwenye uwazi wa chini. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Mama Chiriku."

"Naam."

"Mko wangapi humo ndani?"

"Mimi na mwanangu, nimembeba."

"Sasa mbona naona miguu ya watu wawili?"

Mama Chiriku hakuangalia chini. Mpaka leo hakumbuki kitu kingine kwa uhakika kama hicho, kwamba alikataa kuangalia chini. Alimbana mtoto kifuani, akafumba macho, akaanza kupiga. Wakapiga pamoja. Mikono yake, na ile mingine. Pamoja.

Kitu kikadondoka nje. Kizito. Geti likasukumwa, likafunguka.

Alipita nusura amkanyage Mama Mkaa, aliyekuwa ameketi mavumbini, kanga imemwanguka, akitazama ndani ya ua bila kupepesa. Hakuuliza anatazama nini. Alikimbia.

Zahanati waliwahi. Muuguzi alimchoma Chiriku sindano, akamtundikia dripu, akasema malaria imempanda kichwani na kwamba wangechelewa kidogo tu, asingekuwa na la kuwaambia. Jioni ile mtoto akaomba maji. Mama yake akaenda kulia nje, kwenye benchi, na hapo ndipo Mama Mkaa alipomsogelea.

"Mwenzio hakutoroka," alisema, macho chini. "Hakukuwa na dereva wala lori. Mtoto wake alipatwa na homa, naye kafungiwa kama wewe. Alipiga geti lile mchana kutwa. Tulisikia mtaa mzima. Tukasema mambo ya ndani ya watu. Mtoto alimfia mikononi. Yeye mwenyewe hakula tena mpaka akamfuata."

Mama Chiriku alivitazama viganja vyake, vimevimba kwa kupiga geti.

Mumewe alipofika, mfuko wake wa vifaa begani, alimkuta ameketi kwenye korido ya zahanati. Hakumtazama mtoto kwanza. Alisimama mbele ya mkewe.

"Umetokaje?"

"Mtoto kapona, Baba Chiriku. Ahsante kwa kuuliza."

"Nauliza umetokaje. Kufuli nimelikuta chini, zima. Limefungwa. Fundi vyuma anasema alipofika alikuta pako wazi. Ufunguo huu hapa mfukoni mwangu. Nani kakufungulia?"

Mama Chiriku akanyanyua uso.

"Mkeo," akasema.

Alitegemea atabisha. Alitegemea hata atamzaba kofi. Mwanamume yule alimeza mate, akageuza uso dirishani, akasema kwa uchovu, kama anamsema mteja msumbufu:

"Yule alikuwa na wasiwasi kama wewe. Mtoto akipiga chafya, kelele."

Hiyo ndiyo talaka. Ile ya karatasi ilikuja baadaye, lakini Mama Chiriku huhesabu kwamba ndoa yake iliishia pale, kwenye korido inayonuka dawa. Hakurudi kwenye nyumba ile hata kuchukua cherehani. Wakwe walimwita kikaoni, wakamshauri arudi, maana mume hajampiga wala hajamnyima chakula. Hata shangazi yake mwenyewe alisema geti ni chuma tu, mtoto kapona, ya nini kuvunja nyumba? Mumewe hakulaumiwa na mtu. Wanasema anaishi mle mle, anatengeneza majokofu, na anatafuta mke.

Yeye alihamia kwa dada yake, chumba kimoja nyuma ya saluni, akaanza upya kwa kushona kwa mkono. Chiriku akanenepa. Mdomo ukarudi, tena kwa fujo, akawapa majina mapya mpaka wateja wa saluni. Mama yake akaanza kulala usingizi wa kweli.

Mchana mmoja alimlaza, akatoka kuanika nguo. Alipata muda wa kuanika shuka na kusalimiana na dada yake dirishani, si zaidi. Aliporudi, Chiriku alikuwa bado amelala, ametulia, mashavu yakicheza kama ya mtoto anayeota.

Akainama kumfuta jasho. Halikuwa jasho. Kwenye pembe ya mdomo wa mtoto palikuwa na tone jeupe, likiteremka polepole kidevuni. Akalipokea kwa kidole. Lilikuwa na uvuguvugu. Akalinusa.

Maziwa ya mama.

Alikuwa amemwachisha Chiriku kunyonya kabla hata hajaanza kutembea. Aliweka mkono kifuani mwake mwenyewe, akaminya. Pakavu. Dada yake hakuwahi kuzaa.

Kando ya mtoto, kwenye godoro, palikuwa pamebonyea, urefu wa mtu aliyejilaza ubavu. Mama Chiriku alipapasa pale, taratibu.

Palikuwa bado pana joto.