Jibu la Raimundi

Kwanza ilikuwa harufu ya tope. Odilia aliinusa saa nane mchana, ofisini Mlabani, sakafu ikiwa kavu kabisa. Kisha akatazama kompyuta: mto umefika mita nne na nusu, na king'ora cha mafuriko kiko kimya.

"Mzee Anselim," alimwita mkuu wake kwa sauti ya chini, "hebu njoo uone."

Programu ile aliiandika Odilia mwenyewe. King'ora kinyamaze kama maji yako chini ya mita nne, au kama Raimundi, mlinzi wa mtoni, amejibu kwa simu kwamba watu wote wameshatoka mashambani. Kompyuta huanza na maji. Ikikuta yako chini, inaishia hapo, haihangaiki kumuuliza Raimundi. Ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kufuta jina lake mwaka jana, mto ulipomchukua. Tangu hapo maji hayakuwahi kufika mita nne.

"Leo imemuuliza," Odilia alinong'ona.

"Halafu?"

"Amejibu."

Mzee Anselim akafanya ishara ya msalaba. "Simu yake si iko humu kabatini, haina hata betri?"

Wakageuka wote wawili, kwa sababu ndani ya kabati lile kitu kilianza kudondoka, tone moja, kisha jingine, kisha mfululizo, maji meusi yenye uvundo wa samaki waliooza yakipenya chini ya mlango na kutambaa sakafuni, huku neno NIPO likijiandika kwenye kompyuta mstari baada ya mstari, mpaka Odilia akajirusha kutoka kitini, akavuka maji yale, na kubonyeza kitufe cha king'ora kwa mkono wake.

Wakulima walitoka wote, wa mwisho maji yakiwa kiunoni. Jioni mama mmoja wa Lipangalala, Restituta, alifika ofisini amelowa.

"Mwanangu, yule mliyemtuma ni nani? Kasimama katikati ya maji na koti la mvua, anatuambia tulieni, mimi nipo."

Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Kabati likachomwa moto. Odilia akafuta sehemu yote ya Raimundi kwenye programu.

Asubuhi alipofungua kompyuta, ule mstari wa programu ulikuwepo tena, lakini umegeuzwa: jina la Raimundi limetangulia, maji yamefuata. Kila dakika aliulizwa yeye kwanza, na kila dakika alijibu. Na kompyuta, ikitosheka na jibu lake, haikuwa imeutazama mto tangu jana jioni.

Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.