Kidole Kwenye Waya

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa fundi redio kuchukua spika ndogo. Jirani alikuwa ameshanipa onyo la mwisho: nikiwasha tena ile spika yangu kubwa, atairusha nje pamoja na mimi. Basi nikaamua kujitengenezea kikuza sauti cha gitaa ndani ya kopo la biskuti, nifanye mazoezi bila kugombana na mtu.

Fundi alinifungia spika kwenye gazeti.

"Ukimaliza kuunganisha, usikimbilie gitaa," alisema. "Kwanza gusa ncha ya waya wa kuingizia gitaa kwa kidole. Ikivuma, kazi imekubali. Mwili wa mtu hunasa umeme uliomo ukutani."

"Mwili wowote?"

"Hata wa huyo jirani yako. Mradi awe hai."

Tukacheka. Laiti ningejua, nisingecheka.

Nyumbani nilimkuta mama sebuleni na kaka. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha gitaa. Miezi michache nyuma tulikuwa tumeambiwa gari alilopanda limetumbukia mtoni na hakuna aliyepona. Mama alikataa kuomboleza. Alfajiri moja aliondoka peke yake, akarudi kimya, hakusema alikokwenda. Jioni ile ile mlango ukagongwa.

Alikuwa kaka. Mzima, hana hata mkwaruzo.

Mimi nilimkumbatia nikalia. Nani angeuliza maswali? Lakini tangu arudi, mama alikuwa anacheka na kukonda, anacheka na kukonda. Gauni lililokuwa likimbana sasa lilimpwaya. Na kila kaka alipokaa palinuka udongo mbichi, wakati mvua haijanyesha.

Nikaweka kopo mezani, nikalehemu waya wa mwisho. Moshi ukaniwasha macho. Nikachomeka betri, nikagusa ncha.

Vuuuuu...

Nzito, safi. Nilishangilia kama mtoto.

"Hebu na mimi," mama akasema, akasogea.

Akagusa. Vuu... Hafifu, lakini ilikuwapo, na mama akafurahi. Kaka akainuka taratibu, akaja nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Mvumo ukashuka.

Ukashuka...

Kimya.

Nilidhani waya umeachia. Kaka akaondoa mkono. Vuu... Akaurudisha. Kimya. Na muda wote huo kidole cha mama hakikutoka kwenye waya.

"Kaka," nilinong'ona, "hebu gusa wewe."

Hakubisha. Aligusa ncha akinitazama machoni. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho.

Hakuna kitu.

"Ondoka," nikamwambia. "Nakupenda, kaka, lakini unammaliza mama."

"Unadhani mimi napenda?" alinong'ona. "Sikuja mwenyewe, mdogo wangu. Niliitwa. Na aliyeniita hataki kuniachia."

Tukamgeukia mama. Hakushtuka hata kidogo, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua yote tangu mwanzo.

"Alfajiri ile niliambiwa gharama yake, nikakubali," alisema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe endelea na kopo lako, mwanangu."

Akauchukua mkono wa kaka, akaurudisha begani kwake. Kisha akagusa tena waya, kama anayetaka nisikie mwenyewe na nizoee. Mvumo ukazama. Macho yake yakaanza kujifumba. Kichwa kikamlegea...

Sikufikiri. Nikamshika mkono wake mwingine.

Vuuuuu...

Sauti ikarudi, nzito. Mashavu ya mama yakapata rangi, akanitazama kwa mshangao, kisha akaanza kulia. Mimi nilisikia baridi ikiniingia kwenye vidole, ikapanda hadi kwenye kiwiko, ikakaa hapo. Nilijaribu kuuachia mkono wake. Nikashindwa, maana kila nilipolegeza vidole, mvumo ulianza kuzama tena.

Sasa mama amenenepa. Gauni linambana kama zamani. Jioni tunakaa watatu kwenye kochi, yeye katikati, kaka huku, mimi huku, tumeshikana. Jirani amesema hajawahi kuona familia inayopendana hivi, na siku hizi hata gitaa halimkeri.

Bado nafanya mazoezi. Kabla ya kuchomeka gitaa, hugusa kwanza ncha ya waya kwa kidole, kama fundi alivyonielekeza. Betri ni mpya, nimeibadilisha juzi. Waya zote nimezilehemu upya.

Leo nimezungusha kitufe hadi mwisho ndipo nikausikia mvumo wangu.

Vu...