Marahaba Niliyoitikia Karakanani

"Shikamoo, bwana."

Aliyesema hivyo alikuwa mama yangu mzazi.

Nami nikaitikia... "Marahaba."

Mmesoma sawa, wasomaji. Mama aliyenizaa aliniamkia mimi, mtoto wake, na mimi nikapokea. Mbele ya meneja mzungu na dereva Pantaleo, saa nne asubuhi, Februari 1953.

Naitwa Ignas. Nina miaka tisini na tano. Mjukuu wangu Philomena anaandika kwenye simu yake, mimi nasema. Nimemkataza kupamba.

Nilikuwa fundi wa simu ya upepo, ndivyo tulivyoiita redio ya mawasiliano, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Malori matatu ya mgodi yalikuwa na redio. Tatizo lilikuwa antena. Zilikuwa fimbo za chuma. Zikipigwa na matawi porini, zinakatika shinani. Nilijaribu fimbo za shaba. Nikajaribu mwanzi uliozungushiwa waya. Zikakatika zote.

Ndipo nikakumbuka bangili.

Mama yangu, kule Didia, alisokota bangili za miguuni. Waya mwembamba wa shaba unazungushwa juu ya singa za mkia wa ng'ombe. Unaipinda, unaikunja, unaikanyaga... ukiiachia inarudi.

Nikachukua likizo, nikaenda.

"Mayu, nisokotee moja ndefu kama mkono. Uache nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, waya usigusane."

"Mguu mnene hivyo ni wa nani? Tembo?"

"Wa lori."

Alicheka mpaka akaweka waya chini.

Hesabu ya urefu wa waya ilikuwa yangu. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Mengine yote yalikuwa yake.

Tuliifunga kwenye lori la Pantaleo. Kwa wiki nne antena ikapita vichakani, inalala na kuinuka. Haikukatika.

Meneja akauliza, "Nani ametengeneza hii?"

"Mimi, bwana."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaniahidi kozi Nairobi. Ile antena akaiweka mezani kwake awaonyeshe wageni, akaagiza nyingine tatu.

Sasa singa ningezipata wapi bila kurudi kwa mama? Nikakata vipande vya ngozi mbichi ya mbuzi, nikavizungushia waya mwenyewe. Kwa macho zilifanana na ile ya kwanza.

Pantaleo alikuwa jirani yetu wa Didia. Akienda stesheni ya Shinyanga kuchukua mizigo, hupita kumsalimia mama. Safari moja mama akaishika antena mpya ya lori, akaibonyeza kwa kidole gumba. Akaingia ndani, akatoka na msokoto mrefu wa singa aliouweka akiba, mfano wa ule wa kwanza, akapanda lori.

Ndivyo alivyofika mlangoni pa karakana yangu. Peku, bangili miguuni, msokoto mkononi.

"Mwanangu, ngozi mbichi ikinywa mvua..."

Nikamkatiza. "Wauza bangili wanakaa nje ya geti."

Meneja akageuka. "Unamfahamu?"

"Hapana, bwana."

Mama alinitazama. Akamtazama meneja, akazitazama antena zangu juu ya benchi. Akaelewa yote, haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kusoma naye. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba."

"Samahani. Nimekosea mlango."

Akaondoka. Pantaleo alimfuata bila kunitazama.

Jambo moja nililificha miaka mingi. Nilisikia maneno yale manne: ngozi mbichi ikinywa mvua. Nilijua maana yake. Ngozi itavimba, waya utakatika. Lakini kubadilisha antena kulikuwa kukiri. Nikaacha.

Machi mvua ikafunga siku tatu mfululizo.

Siku ya nne, saa nane mchana, nilikuwa chumba cha redio na meneja na karani wake. Tuliita lori la kwanza. Kimya. La pili. Kimya. Shati lilinigandia mgongoni.

La tatu likaita lenyewe.

"Pantaleo hapa. Niko mtoni, karibu na Segese. Gari limelala ubavu. Maige, utingo wangu, amebanwa mguu na maji yanapanda. Leteni winchi."

Meneja akatoa amri, winchi ikaondoka. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti.

"Pantaleo, malori mengine hayasikiki. Kwa nini wewe unasikika?"

Redio ikakoroma kidogo... halafu sauti ikaja safi kuliko nilivyotamani.

"Nimefunga antena ya mama yake Ignas, bwana. Ile ya singa. Aliniachia getini siku ile mwanawe alipomwitikia marahaba."

Karani aliacha kuandika.

Meneja akanigeukia.

"Yule mwuza bangili?"

"Ni mama yangu, bwana."

Maige alitolewa mzima, akachechemea maisha yake yote. Malori mawili tuliyapata kesho yake, watu wote salama. Sikufukuzwa. Kozi alipewa mwingine. Nilitamani nifukuzwe, maana kila asubuhi wafanyakazi walinisalimia kwa sauti ndefu, "Shikamoooo, fundi," na Maige akiwemo.

Nilibaki wiki mbili, kisha nikaenda Didia. Nilimkuta mama ameketi, anasokota.

"Shikamoo, mayu."

Hakuitikia. Vidole havikusimama.

"Zile za ngozi umezitoa?"

"Nimezitoa."

"Zote tatu?"

"Zote. Nimefuata singa. Nimekuja unifundishe."

Akamaliza mzunguko mmoja. Akamaliza wa pili. Akakata waya kwa meno.

"Marahaba," akasema. "Kaa. Osha mikono kwanza."

Tulisokota tatu, mimi na yeye. Mbili za mwanzo zangu akazifumua.

Wasomaji, mimi napokea shikamoo nyingi kwa siku sasa. Kila ninapoitikia, naisikia ile moja, na bado uso unanichoma. Nawaomba kitu kimoja tu. Ukiulizwa kazi hii kafanya nani, taja jina la mwenyewe hapo hapo, hata kama amekuja peku. Mimi sikulitaja. Likatajwa na redio, kwa antena yake mwenyewe.