Siku Saba za Kunyamaza

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana Tadea na mama yake, Bonifasia, walilisha nguruwe na kufagia uwanja wa kuanikia kahawa. Mama alifagia huku akiimba. Pale kijijini kwao Ukata, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango, kanisa dogo la kijiji.

Mwaka huo sauti yake ilianza kukwaruza, kisha ikawa inakatika. Hospitalini, daktari alikuta uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti.

"Tutakupa dawa ya usingizi, tuutoe kwa kupitia mdomoni," alieleza. "Shingoni hutakuwa na kidonda. Lakini kupona kutategemea pia utakavyojitunza nyumbani."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi, Sista Devotha, aliwaeleza masharti ya kunyamaza kwa siku saba. Mama alikuwa bado mchovu, akasinzia. Tadea alikuwa anacheza gemu kwenye simu.

"Umenielewa, mwanangu?"

"Ndiyo, Sista," alijibu bila kuinua macho.

Nyumbani, mama aliandika kwenye daftari: "Kunong'ona je? Sista alisemaje?"

Tadea hakukumbuka lolote. Aliona aibu kukiri. "Alikataza kupaza sauti tu, mama. Kunong'ona ruksa."

Basi Bonifasia akanong'ona na kila jirani aliyekuja kumpa pole.

Siku ya saba walirudi kliniki.

"Shikamoo, Sista," Tadea alisalimu.

"Marahaba. Mama hajasema kitu? Hata kunong'ona?"

Mama aligeuka, akamtazama binti yake.

"Nilimwambia anaweza kunong'ona," Tadea alisema huku akilia. "Siku ile sikukusikiliza, Sista. Nilidanganya."

Daktari alimpima mama, akakuta nyuzi bado zimevimba. Akaamuru anyamaze wiki mbili zaidi. Safari hii Tadea aliandika yote, kisha akamsomea Sista: asiseme, asinong'one, asijikohoze kusafisha koo, anywe maji mara kwa mara, akae mbali na moshi. Kwa wiki hizo mbili Tadea ndiye aliyepika.

Sauti ilirudi, lakini noti za juu hazikurudi.

"Ni kwa sababu yangu?" Tadea alimuuliza Sista.

"Siwezi kukuhakikishia. Wengine hubaki hivyo hata wakitii kila sharti. Ila kunong'ona kule hakukumsaidia."

Jibu hilo lilimuumiza Tadea kuliko kama angegombezwa. Jumapili alimwona mama amesimama nyuma, miongoni mwa waimbaji wa sauti ya pili, na wimbo aliouanzisha miaka yote ukianzishwa na mtu mwingine.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Tadea alisema, "Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe," mama alijibu kwa sauti yake mpya, nzito. "Lakini ushike hili. Ungesema 'sikusikia', ungeona aibu kidogo tu, na Sista angerudia kwa furaha. Mgonjwa huishi kwa maneno aliyoambiwa, mwanangu. Usiyoyajua, uliza. Usiyatunge."