Na Tusipopanda?

Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani, Marnie Entwistle aliamshwa na harufu ya pai. Chumba chake kilikuwa juu ya tanuri la duka la mikate la baba yake, na ikifika saa moja asubuhi harufu ya nyama, viazi na pilipili manga ilikuwa imeshapanda ngazi na kumfikia kitandani. Alivaa jezi yake ya Calderbeck juu ya sweta, akashuka, akaanza kupanga pai kwenye trei za mbao, ishirini na nne kila trei. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka minane. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na mambo ya trei hakuna aliyeweza kumfundisha.

Pai mia tisa zilikwenda uwanjani kila mechi. Viwanda vya pamba vya Calderbeck vilikuwa vimefungwa kabla baba yake hajazaliwa, lakini timu bado iliitwa Wafumaji, na mji ule wa vilima na mvua haukuwa na kitu kingine cha kujivunia. Wakati wa mapumziko watu walikula pai za Entwistle, wakamlaumu mwamuzi, na roho zao zikatulia.

Jumamosi moja ya Januari, Brenda hakuwa akiimba. Brenda alikuwa amewafanyia kazi akina Entwistle miaka ishirini na miwili, na kwa kawaida aliimba mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Shangazi Brenda, leo una nini?" Marnie aliuliza.

"Muulize baba yako."

Colin, baba yake, alikuwa akifuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Mwenye unga hataleta tena mpaka alipwe," alisema bila kugeuka. "Magunia yaliyopo yakiisha, tunafunga. Brenda nimeshamwambia."

"Kufunga kabisa? Na pai zinaisha kila siku?"

"Zinaisha, ndiyo. Ila klabu haijatulipa tangu Septemba. Mechi tisa."

Marnie alipiga hesabu kichwani. Pai mia tisa, kila moja pauni moja na peni arobaini kwa bei ya jumla waliyouziwa klabu, mara tisa. "Baba! Hiyo ni pauni elfu kumi na moja, mia tatu na arobaini! Umewadai?"

"Niliwapelekea ankara."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja tu?"

Colin alimgeukia, uso umemwiva. "Marnie, ile ni timu yetu!"

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa Calderbeck, na baba yake Marnie hakuumwa peke yake. Fundi bomba, mwenye mabasi, mama wa kufua jezi, wote walikuwa wakiidai klabu na wote walinyamaza. Kuipelekea timu yako ankara mara ya pili ilikuwa aibu, sawa na kuwashangilia wageni. Watu ambao wangeligombana na dada zao kwa pauni tano waliiachia klabu maelfu, na bado Jumamosi walikata tiketi. Waliona fahari kabisa. Marnie alizipakia trei kwenye gari siku ile huku meno ameyauma kwa hasira.

Jumatatu, katika somo la hisabati, Bi Akhtar aliandika ubaoni: asilimia. Darasa likaguna.

"Guneni tu," alisema mwalimu. "Leo hatuhesabu matufaha. Kila kampuni hupeleka hesabu zake serikalini, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Nimewaletea za Wafumaji za mwaka jana. Zilizoingia ni pauni milioni nne. Mishahara, karibu yote ya wachezaji, ni milioni tano na laki mbili na elfu arobaini. Haya, kwa kila pauni mia iliyoingia, mishahara ilikula ngapi?"

Tariq, aliyeketi na Marnie, alimaliza kwanza. Akafuta. Akarudia. "Mwalimu, umekosea namba. Inatoka mia moja thelathini na moja."

"Sijakosea."

"Lakini huwezi kutoa mia moja thelathini na moja kwenye mia!"

"Ndiyo maana nimeileta," alisema Bi Akhtar.

Marnie aliinua mkono. "Hizo thelathini na moja za juu zinatoka wapi?"

"Kidogo kwa mwenyekiti. Kidogo benki. Na nyingine," mwalimu alisita, kwa sababu alijua anaongea na mtoto wa nani, "kwa kutowalipa watu wengine."

"Na klabu ikifilisika?"

"Kwa desturi ya ligi, wachezaji hulipwa kwanza, tena chao chote. Wengine hugawana kitakachobaki. Kikibaki."

Tariq alimsukuma Marnie kwa kiwiko. "Usiharibu mambo wewe. Alhamisi wanamtambulisha Jonny Vance. Tukimpata yule, tunapanda daraja!"

Alhamisi saa kumi na mbili jioni, watu mia tatu walijaa kwenye ukumbi wa mashabiki chini ya jukwaa kuu. Marnie alikwenda na baba yake na Brenda. Mbele alisimama mwenyekiti, Bwana Rodney Pilling, muuza magari mwenye koti refu na meno meupe kuliko inavyohitajika. Pembeni yake aliketi nahodha, Craig Duxbury, beki wa miaka thelathini na minne, ambaye kila shabiki alimwita Dux.

"Mabibi na mabwana," alisema Pilling, "walisema Calderbeck ni mji mdogo. Walisema hatuwezi kumleta mfungaji wa maana. Kesho asubuhi Jonny Vance anatia saini!"

Ukumbi ulilipuka. Wazee walikumbatiana. Hata Colin alipiga makofi, masikini, viganja vyake bado vina unga.

"Ni kweli analipwa elfu tisa kwa wiki?" mtu aliuliza.

"Kitu kizuri kina bei yake, rafiki yangu." Wakacheka. "Swali jingine?"

Marnie alipanda juu ya kiti. Baba yake alimshika sweta. "Shuka," alinong'ona. "Marnie, nakuomba, shuka." Hakushuka.

"Bwana Pilling, mwaka jana kila pauni mia iliyoingia, mishahara ilikula mia moja thelathini na moja. Mwaka huu, na Vance, itakula ngapi?"

Pilling alitabasamu. "Tazameni, tuna mhasibu hapa! Binti, mpira si duka la peremende. Tukipanda daraja, fedha za televisheni zitamiminika na kila kitu kitalipwa."

"Na tusipopanda?"

"Tutapanda."

"Timu ziko ishirini na nne," alisema Marnie. "Zinapanda tatu. Zote zinatumia fedha kana kwamba zitapanda. Basi ishirini na moja zinajidanganya. Sisi tukiwa miongoni mwao, nani atalipa?"

"Kaa chini, kitoto!" alifoka mtu wa nyuma.

"Mtoe huyo! Anashabikia nani?"

"Rudi kwenye pai zako!"

Masikio ya Marnie yalikuwa ya moto. Aliogopa, tena sana, na machozi yalikuwa karibu. Lakini hilo neno la pai lilimkata woga. Akageuka na kuwatazama wote, watu aliowajua tangu anajifunza kutembea.

"Sirudi!" alisema. "Pai hazipo! Klabu haijamlipa baba yangu mechi tisa. Anachodai chote ni mshahara wa Jonny Vance wa wiki moja na siku chache. Shangazi Brenda anafukuzwa kazi ili yule apewe. Nami ni Mfumaji kuliko ninyi mnaozomea, kwa sababu nataka hii timu iwepo nikiwa bibi kizee. Nauliza tena. Na tusipopanda?"

Pilling aliacha kutabasamu. "Mambo ya ankara hayazungumzwi mbele za watu," alisema. "Shabiki wa kweli haidai timu yake. Colin, mrudishe mwanao nyumbani."

Colin Entwistle alisimama taratibu. Marnie alidhani kweli wanaondoka. Lakini baba yake alivua kofia tu.

"Swali la binti yangu halijajibiwa," alisema.

"Langu pia," alisema Brenda kwa nguvu zote za kifua chake.

Kisha mwenye mabasi akanyanyuka. "Mimi nawadai safari kumi na nne."

"Mimi mabomba ya vyumba vya kuvalia, tangu kiangazi."

"Na mimi," ilisema sauti ndogo karibu na mlango, na watu wakageuka kumtazama mama wa kufua jezi. "Sabuni nanunua kwa hela yangu."

Pilling alimgeukia nahodha. "Dux, waambie hawa. Waambie wachezaji wanastahili wanacholipwa."

Craig Duxbury alijikuna kidevu. "Tunastahili," alisema. "Sitawadanganya. Goti langu la kushoto limekwisha, na nikifika miaka thelathini na sita hakuna atakayenipigia simu. Ukinipa nitachukua, na yeyote humu angechukua. Lakini mshahara wa Desemba ulichelewa siku kumi na moja, na wale vijana wenye mikataba midogo walishindwa kulipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo usituahidi hela ambayo haipo, Bwana Pilling. Mtoto ameuliza vizuri. Mjibu."

Pilling alitazama karatasi zake, ambazo hazikuwa na kitu isipokuwa picha ya Vance.

"Tusipopanda," alisema mwishowe, "sijui."

Basi, hata wale waliokuwa wakizomea sasa walimkazia macho yeye. Mwenyekiti wa klabu nzima, na hajui! Hakuna aliyetoka mpaka alipokubali kufungua vitabu vya hesabu, na mashabiki wakawachagua watu watatu wa kuvikagua, Bi Akhtar wa kwanza. Vance hakutia saini. Kabla ya Januari kwisha, wachezaji wawili wa mishahara mikubwa waliuzwa, na fedha zile zikalipa watu wa mji. Mwenye unga alileta magunia. Kamati iliandika sheria mpya na kuibandika kwenye lango: kwa kila pauni mia inayoingia, mishahara isizidi sitini. Pilling alilalamika, kisha akatia saini, kwa kuwa wateja wake wote wa magari walikuwa watu wa mji ule ule.

Msinielewe vibaya, mambo hayakuwa mteremko. Timu ilifungwa Februari yote. Shuleni Tariq hakumsemesha Marnie wiki mbili nzima, na mtu fulani aliandika neno chafu kwenye ukuta wa duka la mikate. Marnie alilisugua mwenyewe kwa brashi, mchana kweupe, na wapita njia waliomkodolea macho aliwauliza kama wangependa kusaidia.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili walicheza nyumbani. Walimaliza msimu nafasi ya kumi na nne, na siku hiyo walifungwa mbili bila. Baada ya mechi Marnie alikuwa na baba yake kwenye kibanda cha pai, akifunga pai za mwisho kwa karatasi, mwanamume mmoja mwenye skafu ya Wafumaji alipofika dirishani.

"Vance amefunga mabao kumi na tisa kule alikokwenda," alimwambia Marnie. "Kumi na tisa! Umefurahi sasa?"

Marnie aliinua kichwa ili ajibu, lakini baba yake alimwekea mkono begani na kuegemea dirishani yeye mwenyewe. Mwaka uliopita Colin angeomba radhi.

"Nisikilize, Trevor," alisema. "Miaka yote nilidhani kunyamaza ndiyo kuipenda timu. Nilinyamaza nusura nimtupe Brenda mtaani. Ukitumia hela usiyokuwa nayo, jua unatumia ya mtu mwingine, na mara nyingi ni ya yule anayeona haya kudai. Yale mabao kumi na tisa yangefungwa kwa unga wangu na sabuni ya mama yule. Huyu mtoto aliuliza mbele yetu sote, tukamzomea, na bado akauliza. Huko ndiko kupenda. Wewe na mimi watu wazima tulipaswa kuuliza kabla yake."

Trevor alitazama viatu vyake. "Lakini tumefungwa, Colin."

"Tumefungwa," alisema Marnie. "Kwa hela yetu wenyewe. Na mwezi wa nane tutarudi hapa, na wewe utakuja."

Yule mwanamume aliguna, mvua ikimdondokea kwenye skafu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaomba pai mbili.

"Pauni saba," alisema Marnie. "Unalipa kwanza."